Nyumba Baada ya Kufilisika

Nakusalimu wewe uliyetoka sasa hivi kupima majani ya chai kule Kionyo, na wewe uliyeketi ndani ya gari pale stendi ya Embu ukingoja abiria wa Siakago watimie. Leo nina jambo moja tu, na nitakwenda nalo polepole, kwa sababu wanaoniuliza habari zake huniuliza kwa sauti ya chini.

Wengine hunivuta kando baada ya ibada. Wengine hutuma ujumbe wa simu usiku, halafu asubuhi wanatuma mwingine wakiniomba nisitaje jina lao hewani. Swali lao ni hili: mimi nilifilisika miaka kadhaa iliyopita, mambo yakaisha, sasa nimeinuka kidogo na ninataka mkopo wa nyumba. Je, kuna atakayenisikiliza, au jina langu limechafuka mpaka kaburini?

Nianze na jibu, usije ukazima redio kabla sijalifikia. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba mtu aliyewahi kufilisika asipewe mkopo wa nyumba. Haipo. Tena sheria yenyewe imeweka muda wa mtu huyo kuachiliwa. Lakini kuachiliwa na sheria ni jambo moja, na kuaminiwa na mwenye fedha ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili pana safari ambayo watu wetu wengi huianza kwa kuficha. Hapo ndipo wanapoharibu.

Tukumbuke kwanza watu wetu wanaangukaje. Wako walioangushwa na pombe na kamari, siwezi kukana. Lakini mtu yeyote wa Maua, Laare au Kangeta anaikumbuka tarehe 24 Juni 2014. Siku hiyo Uingereza ilianza kutekeleza marufuku ya miraa. Uholanzi ilikuwa imetangulia mwaka 2013. Soko la London, lililokuwa likipokea miraa ya Igembe kwa ndege, likafungwa. Aliyekuwa amekopa benki ili anunue gari la kukimbiza mzigo Nairobi alibaki na gari, na deni, na mzigo usio na pa kwenda. Wafanyabiashara wakaegemea Somalia. Machi 2020, korona ilipoingia, Somalia nayo ikafunga mlango, na haukufunguliwa tena hadi Julai 2022. Hesabu mwenyewe miezi hiyo, kisha hesabu riba iliyokuwa ikipanda kila mwezi bila kujali kama ndege imeruka au haikuruka.

Upande wa Mbeere, wanakolima aina ya miraa iitwayo muguka, hawakusalimika. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata, na wakulima wakakimbilia Mahakama Kuu ya Embu ili amri hizo zisimamishwe. Muguka si mahindi. Huwezi kuuweka ghalani ukingoja kesi iamuliwe.

Ninayataja haya kwa sababu afisa wa mikopo akikuta neno "kufilisika" katika faili, mara nyingi picha inayomjia ni ya mtu mzembe. Mimi nimekaa na watu hawa. Wengi wao waliamka mapema kuliko majirani zao wote na wakafanya kazi kuliko wote. Soko lao lilifungwa na watu wasiowajua, katika miji ambayo hawajawahi kuiona.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe, maana tunalitumia ovyo. Dalali akichukua pikipiki ya mtu, tunasema amefilisika. Duka likifungwa pale Gakoromone, tunasema mwenyewe amefilisika. Mtu akikataliwa mkopo wa simu kwa sababu jina lake liko CRB, kwenye mashirika yanayotunza rekodi za mikopo, tunasema vilevile. Kisheria, kufilisika ni amri ya mahakama. Unaweza kuiomba mwenyewe ukiona madeni yamekushinda, au mdai wako unayedaiwa naye shilingi 250,000 au zaidi anaweza kukupeleka mahakamani. Amri ikitolewa, mali yako inatoka mikononi mwako na kuingia kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeikusanya, kuiuza na kuwagawia wanaokudai. Unaachiwa zana zako za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Kwa sababu wengi wanaoniambia kwamba walifilisika hawakuwahi kufika mbele ya jaji. Ng'ombe wao waliuzwa na dalali, pesa hazikutosha, wakanyamaza, na aliyekopesha naye akanyamaza. Hao hawajaachiliwa na mtu yeyote. Deni lililobaki bado ni lao, na wakienda kuomba mkopo wa nyumba litaibuka siku ya kwanza. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuulizia habari za ufilisi. Anahitaji kurudi kwa mkopeshaji wake wa zamani, waketi, wakubaliane namna ya kulimaliza deni, na apewe barua ya kuonyesha kwamba limekwisha. Ajabu ni kwamba wakopeshaji wengi wako tayari kupunguza deni la zamani ambalo walishakata tamaa ya kulipata. Mtu haambiwi hilo kwa sababu haendi kuuliza.

Tumzungumzie basi yule aliyefika mahakamani. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia sheria ya ufilisi iliyoachwa na mkoloni, na chini ya sheria ile aliyefilisika alibaki hivyo hadi mahakama iamue kumwachilia. Walikuwapo waliozeeka nayo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ufilisi, na ndani yake mna kifungu ambacho ningependa kila mzee wa mtaa akifahamu: aliyefilisika anaachiliwa moja kwa moja baada ya miaka mitatu. Si lazima aende kuomba. Miaka ikitimia, na kama hakuna aliyepinga, madeni yaliyokuwa ndani ya ufilisi ule yanafutika.

Wengi hujikwaa hapohapo. Miaka hiyo mitatu haihesabiwi tangu siku ya amri. Inahesabiwa tangu siku unapowasilisha kwa Mpokeaji Rasmi maelezo kamili ya mali na madeni yako. Kuna mtu anayepewa amri, anaingiwa na hofu, anahamia Isiolo au Nairobi kutafuta vibarua, na ile fomu ya maelezo haijazi. Miaka kumi baadaye anaamini amekwisha kuwa huru. Kwa huyo hata siku moja haijahesabiwa. Kama ni wewe, usingoje. Fomu inaweza kujazwa leo, na miaka mitatu ikaanza leo.

Kuna jambo la urithi pia, nalo linatugusa sisi watu wa mashamba. Katika kipindi cha ufilisi, mali unayoipata inaingia katika ufilisi pamoja na ile ya zamani. Baba akifariki kabla hujaachiliwa, na fungu lako la shamba likatoka, fungu hilo linaweza kwenda kwa wadai wako. Familia nyingi hapa hazifungui kesi ya mirathi kwa miaka mingi, shamba likabaki kwa jina la babu, kila mtu akalima sehemu yake. Mtoto aliyefilisika akija kuomba mkopo ajenge juu ya sehemu hiyo, hana hati, na mzozo wa familia unalipuka palepale.

Kwa mwenye deni dogo sheria ina mlango mwepesi zaidi. Kama jumla ya madeni yako ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, na huna mali yoyote ya kuuzwa, unaweza kuomba kuingizwa katika utaratibu wa wasio na mali, na ukikubaliwa unaachiliwa baada ya miezi 12. Ni nafasi ya mara moja tu maishani. Sijui kwa nini hatuusikii ukitangazwa katika mabaraza ya machifu, wakati vijana wengi wa bodaboda wanalala nje kwa kuogopa madeni ya kiasi hicho.

Yapo madeni yasiyofutika. Deni ulilolipata kwa ulaghai halifutiki, na pesa za matunzo ya watoto hazifutiki. Na uovu mmoja sheria inaukemea kwa ukali: kukopa kabla hujaachiliwa huku ukimficha mkopeshaji kwamba uko katika ufilisi. Hilo ni kosa la jinai. Kwa hiyo kama miaka yako mitatu haijatimia, usimdanganye mtu. Weka akiba, ngoja.

Katiba yetu ya 2010 inamkataza aliyefilisika na hajaachiliwa asigombee ubunge wala kiti cha mwakilishi wa wadi. Akishaachiliwa, anaruhusiwa. Anaweza kuchaguliwa akatunga sheria za nchi na kupitisha bajeti ya mabilioni. Nami nauliza kwa moyo wangu wote: kama Katiba inamwamini kiasi hicho, kuna haki gani ya kumfukuza asijaribu hata kuomba nyumba ya vyumba viwili?

Nayasikia majibu ya wenye benki, nao wana haki ya kusikilizwa. Fedha wanazokopesha ni amana za wengine, na zamo za mama anayeuza ndizi Nkubu. Lazima waangalie nyuma, na wanaangalia kupitia CRB. Mashirika yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Habari mbaya iliyowekwa juu yako hukaa humo miaka mitano tangu deni lilipomalizwa. Unaona basi kwamba kuna hesabu mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Sheria inaweza kuwa imekuachilia na rekodi ikawa bado inasimulia. Si kosa la mtu, ndivyo taratibu zilivyo, na ni heri ulijue hilo kabla hujalipia mthamini wa ardhi na wakili.

Benki Kuu imesema mara nyingi kwamba CRB si orodha ya waliopigwa marufuku. Mkopeshaji anasoma ripoti, kisha anaamua mwenyewe. Kwa hiyo ripoti yako isome wewe kwanza, kabla yake. Kila mwaka una haki ya kuipata mara moja bila malipo. Mkopeshaji akikunyima mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo, anapaswa kukujulisha, nawe una haki ya kupewa nakala bila kulipa. Ukiipata, tazama jambo moja hasa: deni lililofutwa na ufilisi limeandikwaje? Likiwa bado limeandikwa kana kwamba unadaiwa leo, hilo ni kosa, na kosa linasahihishwa kwa kuandika malalamiko na kuambatisha uthibitisho kutoka kwa Mpokeaji Rasmi. Watu hukaa miaka wakilia kwamba CRB imewafunga, wakati hawajawahi kuisoma karatasi yenyewe.

Usichanganye pia na ule msamaha wa Novemba 2022, pale Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni waliokuwa wameshindwa na mikopo midogo ya simu, mpaka mwisho wa Mei 2023. Ule ulikuwa wa mikopo ya simu ya muda mfupi. Haukugusa ufilisi wa mahakamani.

Sasa nafika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kuna rekodi nyingine ambayo haiko Nairobi, wala haiko kwenye kompyuta yoyote. Iko kwa wadhamini wako.

Huku kwetu mtu wa kawaida haanzi na benki. Anaanza na Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Ukiwa Embu utasikia Winas au Nawiri, ukivuka Mto Thuci ukapita Chuka ukaingia Meru utasikia Solution, Capital, Yetu. Na Sacco haikopeshi mtu mmoja, inakopesha mtu na marafiki zake. Mwalimu mwenzako anaweka sahihi. Shemeji yako anaweka sahihi. Jirani mnayepeleka naye maziwa anaweka sahihi, akiba yake ya miaka kumi inafungwa kwa ajili yako. Siku ulipoanguka, Sacco haikungoja mahakama. Ilikata akiba za wadhamini.

Na sheria ya 2015 inasema wazi kwamba kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini wako. Wewe unatoka huru, yeye anaendelea kulipa. Kile alicholipa kwa ajili yako, kama kilikuwa ndani ya ufilisi, hawezi kukushtaki akudai tena. Kimefutika kama madeni mengine. Kisheria umemaliza naye.

Lakini mnasali kanisa moja. Watoto wenu wako darasa moja. Mnakutana kwenye harambee ya hospitali, unatoa elfu mbili, naye anakutazama. Kisha unaomba mkopo wa nyumba, na huku kwetu habari husafiri kwa miguu. Afisa wa mikopo ni mtu wa palepale. Kamati ya mikopo ya Sacco ni ya wanachama wenzako, na mmoja wao huenda ndiye aliyekatwa mshahara kwa sababu yako. Hakuna alama ya CRB inayoweza kushindana na neno la mtu huyo akisema, "Mimi namjua."

Nina msimamo juu ya hili, na sitauficha. Kama ulifilisika, ukaachiliwa, na leo una chochote mfukoni, anza na wadhamini kabla ya kwenda kutafuta nyumba. Hulazimishwi na sheria. Pengine huwezi kuwalipa yote. Nenda mmoja baada ya mwingine, umwambie, "Nilikuumiza. Nimekuja na hiki, na kila mwezi nitakuletea kidogo." Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, nami nimeona kinyume chake: nimeona mzee akitokwa na machozi kwa kurudishiwa elfu tano na mtu aliyedhani amemsahau. Mzee huyo huyo ndiye aliyesimama baadaye kwenye mkutano akasema kijana huyu akopeshwe. Wale wasemao sheria imekufutia, usijisumbue, wanakupa ushauri sahihi wa kisheria na mbaya wa kuishi nao Meru au Embu.

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Mkopo wa nyumba, maana yake mkopo wa miaka mingi unaodhaminiwa na nyumba au ardhi ile ile, bado ni kitu cha wachache sana nchini mwetu. Katika nchi ya zaidi ya watu milioni 50, hesabu za Benki Kuu zinaonyesha mikopo hiyo ni takriban 30,000 tu. Kwa hiyo ukikataliwa, usidhani kila mtu amepewa isipokuwa wewe. Hata wasiowahi kushindwa kulipa deni wengi wao hawana.

Serikali ilijaribu kuupanua mlango huo kwa kuanzisha Kampuni ya Kenya ya kugharamia upya mikopo ya nyumba, ile KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Yenyewe haikopeshi mwananchi. Inazipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa riba nafuu, ili nazo zimkopeshe mwananchi kwa riba iliyo karibu na asilimia 9. Nikuonyeshe kwa nini asilimia hizo zina uzito. Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 wa miaka 20. Kwa asilimia 9 utalipa karibu 27,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 utalipa zaidi ya 37,000. Ni nyumba ile ile, mabati yale yale, na shilingi elfu kumi zaidi kila mwezi kwa miaka 20. Tangu ukomo wa riba uliowekwa mwaka 2016 ulipoondolewa mwaka 2019, benki imekuwa na uhuru wa kukupangia riba kwa kuangalia hatari uliyo nayo, na aliyewahi kufilisika huonekana ni mwenye hatari. Kwa hiyo usiulize tu kama utapewa. Uliza utapewa kwa riba gani, na kama jibu ni baya, huenda kungoja miaka miwili na kurudi na akiba kubwa zaidi kukakuokolea pesa nyingi kuliko kukimbilia sasa.

Kwa mwenye mshahara, sheria ya kazi inataka makato yasizidi theluthi mbili, theluthi moja ibaki kwa mfanyakazi, na wakopeshaji huanza hesabu zao hapo. Kwa mkulima wa chai au mfanyabiashara, hesabu ni ngumu zaidi, na ndipo taarifa za benki na za simu za miaka miwili mitatu zinapokuwa shahidi wako. Fedha zipite kwenye akaunti. Anayepokea pesa za majani ya chai na kuzitoa zote siku ile ile hana cha kuonyesha, hata kama anaishi vizuri.

Kisha kuna hati. Sehemu kubwa za Igembe na Tigania, na baadhi ya sehemu za Mbeere, zimekaa miaka mingi katika mizozo ya ugawaji wa ardhi, na mtu anaweza kuwa na ekari tano za baba yake asiwe na hatimiliki hata ya robo. Bila hati hakuna mkopo wa nyumba, awe aliwahi kufilisika au la. Ukiwa na hati, na ni shamba la kilimo, utahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Ukiwa na mwenzi, na ndipo mnapoishi, sheria ya ardhi ya 2012 inataka aridhie kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani.

Nisimame kidogo kwa mwenzi huyo. Nasikia watu wakishauriana hivi: jina lako ni baya, basi mkopo uchukuliwe kwa jina la mama watoto. Kuomba kwa pamoja, wote mkijua na mkopeshaji akijua, ni jambo jema, na rekodi safi ya mmoja inaweza kumsaidia mwenzake. Lakini kumweka mke mbele kama pazia, yeye asijue hata kiasi cha deni, ni kumtwika mzigo wako. Mambo yakienda kombo, jina litakaloharibika ni lake, nanyi mtakuwa wawili msioaminika.

Na yakienda kombo, ujue haki zako pia, kwa maana aliyewahi kutolewa nje na dalali huwa na hofu kuliko wengine. Ukishindwa kulipa, mwenye rehani hawezi kuuza kesho. Lazima akupe ilani ya miezi mitatu ujirekebishe, na baada ya hapo ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Na akiuza, anawajibika kutafuta bei bora inayopatikana. Ikiwa aliuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa robo au zaidi, mahakama itaanza kwa kudhani kwamba hakutimiza wajibu huo, na itakuwa juu yake kuthibitisha vinginevyo.

Sasa nina neno kwa wakopeshaji, nalitoa kwa heshima. Marekani, mtu aliyefilisika akafutiwa madeni anaweza kuomba mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali kuu miaka miwili baada ya kuachiliwa, akiwa amejirekebisha. Rekodi ya ufilisi wenyewe hukaa hata miaka kumi, lakini mtu anajua siku ya kurudi dirishani imeandikwa. Huku kwetu haijaandikwa popote mtu akaisoma. Kila benki ina yake ndani ya kabati, kila Sacco ina yake, na mwananchi anaambiwa "tutakupigia," simu isilie kamwe. Andikeni. Semeni: kwetu, aliyefilisika asubiri miaka mingapi tangu kuachiliwa, aweke akiba ya muda gani, alete malipo ya awali kiasi gani. Ikiwa ni miaka mitano, semeni mitano. Mtu aliyeelezwa anaweza kujipanga. Anayenyamaziwa hurudi kwa mkopeshaji wa mtaani, anayechukua kitambulisho na kadi ya benki, na huko tunampoteza kabisa.

Na kwako wewe uliyeniuliza kwa sauti ya chini. Siku utakapoketi mbele ya afisa, litaje mwenyewe kabla hajalikuta. Mwambie ulifilisika mwaka gani na kwa sababu gani, iwe ni London iliyofungwa au Mogadishu, iwe ni uzembe wako mwenyewe. Weka mezani uthibitisho wa kuachiliwa, weka ripoti ya CRB uliyokwisha kuisoma, weka akiba ya miezi yote uliyoweka tangu hapo bila kuruka. Ukiwa na mdhamini wa zamani uliyemlipa, mwombe akuandikie barua. Afisa mmoja anaweza kukukataa. Wa pili pia. Waulize kwa maandishi sababu ni nini, na ukishajua, utajua cha kurekebisha.

Kama hujawahi kuiona ripoti yako, iombe kesho asubuhi. Ya kwanza kila mwaka ni bure, na jina lililo juu yake ni lako.